Orodha ya wakimbiaji ilisambaa WhatsApp: mbio zijazo tuzilindeje taarifa za washiriki?

Katibu_Jogging_Kino

Wakuu, habari za wakati huu.

Klabu yetu ya jogging hapa Kinondoni inaandaa mbio za kilomita 5, 10 na 21, kuanzia na kumalizia Leaders Club, njia ikipita Daraja la Tanzanite. Tunatarajia washiriki kama 600, pamoja na watoto watakaokimbia kilomita 2.

Mwaka jana tulisajili kwa Google Forms, halafu orodha nzima ikawekwa kwenye grupu la WhatsApp ili kila mtu ahakiki jina lake. Ilikuwa na majina matatu, simu, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), tarehe ya kuzaliwa na safu ya "una ugonjwa wowote?". Haikupita wiki, watu wakaanza kupokea zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii", nyingine zikiwataja kwa majina na kuwaambia wameshinda zawadi ya mbio watume ada ya kuitolea. Safu ya magonjwa nayo ilifika kwenye ofisi za watu. Hilo ndilo lililotuumiza zaidi.

Sasa naomba msaada kwa wanaoijua kazi hii. Fomu iulize nini na iache nini? Siku ya mbio nani aone nini? Matokeo tuyatangazeje? Na mdhamini ameshaandika kwenye rasimu ya mkataba kwamba anataka "orodha ya washiriki wote na mawasiliano yao". Tumjibu vipi?

---

Mratibu_Mbio

Pole Katibu. Anza na fomu, maana hapo ndipo tatizo lilipoanzia, WhatsApp ilikuja baadaye.

Chukua fomu ya mwaka jana, na kwa kila swali jiulize: siku ya mbio ni nani atakayelisoma jibu hili, na atalifanyia nini? Ukikosa jina la mtu na kazi yake, futa swali. Kwa mbio za ukubwa wenu yatabaki mambo saba: jina litakalotokea kwenye matokeo, jinsia (kwa ajili ya makundi ya zawadi), mwaka wa kuzaliwa, umbali, saizi ya fulana, simu ya mshiriki, na simu ya mtu wa kupigiwa ikitokea dharura. Kazi, mtaa, kabila, dini, barua pepe ya ofisini, vyote hivyo havimsaidii mtu yeyote kukimbia.

NIDA msiiombe kabisa. Ile namba ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo hata mngefuta safu ya tarehe ya kuzaliwa mkaiacha ya NIDA, tarehe bado ipo pale mbele ya macho. Mtu akipata jina kamili, simu na NIDA kwenye mstari mmoja, ana karibu kila kinachomwezesha kujifanya wewe. Kama sababu ni uhakiki wa umri kwa makundi ya miaka 40 na 50, hakikini wanaopanda jukwaani tu: mshindi anaonyesha kitambulisho, mwamuzi anatazama, anaweka tiki kwenye karatasi yake, anakirudisha hapohapo. Kisipigwe picha. Mnahakiki watu kumi na kitu badala ya kutunza vitambulisho vya watu 600.

Malipo yana mtego ambao wengi hawauoni. Mkiwaambia watu "tuma skrinishoti ya muamala", mnapokea pia salio lao, kwa sababu ile meseji ya uthibitisho humalizia na "salio lako jipya ni...". Mweka hazina wa klabu anajikuta anajua nani ana shilingi ngapi kwenye simu. Ombeni namba ya kumbukumbu ya muamala tu, ile mchanganyiko wa herufi na tarakimu, kisha muilinganishe na taarifa ya Lipa Namba yenu.

Kwenye Google Forms yenyewe kuna mambo mawili. Ndani ya mipangilio kuna kitufe kinachowaruhusu waliojaza kuona muhtasari wa majibu. Kikiwa kimewashwa, mtu anamaliza kujaza, anabonyeza, anasoma majibu ya maandishi ya wenzake. Kizimeni. La pili ni ile lahajedwali inayopokea majibu: isiwe "yeyote mwenye linki". Iwe na watu wawili kwa majina, wewe na mwingine mmoja, na akaunti zote mbili ziwe na uthibitisho wa hatua mbili. Mkiwa watu wanane mnaoifungua, ikivuja hamtajua imevujia wapi.

Sasa siku ya mbio. Hiyo lahajedwali, tuiite orodha mama, haitoki kwenda uwanjani. Inazaa mafaili madogo matatu:

Faili la meza ya kugawia namba: namba ya kifuani, jina, umbali, saizi ya fulana, na tarakimu tatu za mwisho za simu.

Faili la watunza muda: namba ya kifuani, jina, jinsia, kundi la umri, umbali. Kundi la umri liandikwe "40–49", mwaka wa kuzaliwa usiwemo.

Faili la hema la huduma ya kwanza: namba ya kifuani na simu ya dharura. Suala la afya nawaachia wenye taaluma yao walijibu.

Namna ya kuyatengeneza ina umuhimu. Kuficha safu kwenye Excel hakuifuti. Anayepokea faili anabonyeza mara mbili, safu inarudi na simu zote. Fungua faili jipya tupu, nakili safu unazozitaka tu, zibandike kama thamani bila fomula. Ukiwa umetumia jedwali egemeo (pivot table) kujumlisha fulana, usilitume, maana hubeba ndani yake nakala ya data yote uliyolilisha. Na ile "linda laha" ya Excel ni ya kuzuia mtu asiharibu fomula, si kufuli. Kufuli ni kusimba faili zima kwa nywila, na nywila mpe mwenzako kwa kumpigia simu, usiiandike kwenye meseji ileile iliyobeba faili.

Kuhusu PDF: kupaka mstari mweusi juu ya namba za simu hakuziondoi. Mtu anaweka kishale, anaburuza, ananakili, anabandika kwingine, namba hizo hapo.

---

Kifua_Namba

Naongezea kwenye meza ya kugawia namba, kwa sababu pale ndipo orodha hupigwa picha.

Hali huwa hivi. Saa 11 alfajiri foleni imejaa, taa ni hafifu, aliyeko mezani anatafuta jina kwa kidole. Mshiriki aliyechoka kusubiri anainama, anaisoma karatasi kichwa chini, anaona haraka hakuipata, anachukua simu anapiga picha ukurasa mzima ili akuze jina lake. Ukurasa una majina 40. Anapiga kwa nia njema kabisa, na picha inabaki kwenye simu yake na kwenye hifadhi yake ya mtandaoni.

Kwa hiyo: panga orodha kwa alfabeti ya jina la kwanza, maana wengi wetu ndilo tunalolitaja. Gawa meza kwa herufi, A–F, G–M, N–Z, ili foleni isije ikamlazimisha mtu kujisaidia mwenyewe. Weka karatasi kwenye ubao wa kushikia uliosimamishwa kumwelekea msaidizi, isilazwe mezani. Tumia kadi au rula kufunika mistari ya juu na ya chini. Mshiriki anataja jina na tarakimu tatu za mwisho za simu yake, anachukua bahasha. Akikosea tarakimu, aende kwenye meza ya matatizo ambako kuna mtu mmoja tu mwenye orodha mama, kwenye laptopu yenye nywila, skrini ikielekea ukutani.

Na wale wa kuchukulia wenzao namba: meseji ya idhini kutoka kwenye simu iliyosajiliwa inatosha. Msidai nakala ya kitambulisho cha asiyekuwepo.

---

Nesi_wa_Hema

Naomba niseme juu ya ile safu ya "una ugonjwa wowote?", kwa sababu nia yake ni nzuri lakini haiwasaidii watoa huduma kama mnavyodhani.

Mtu akianguka kilomita ya saba, jua la Dar limeshapanda na unyevu ni mwingi, hatua za kwanza hazibadiliki kwa sababu ya kilichoandikwa kwenye fomu: anapumua, mapigo yako vipi, joto la mwili, sukari kwenye damu. Anayeonekana amezidiwa na joto anapozwa palepale kwa maji na barafu, hatusubiri orodha. Sukari tunaipima kwa kila aliyechanganyikiwa, awe aliandika kisukari au hakuandika. Kutafuta jina ndani ya watu 600 kwenye karatasi huku mgonjwa amelala chini ni kupoteza dakika ambazo hatuna.

Kinachosaidia ni kilicho mwilini mwake, yaani nyuma ya namba ya kifuani. Chapisheni pale mistari minne mitupu: jina, simu ya dharura, dawa anazotumia, mzio. Mshiriki aandike mwenyewe kwa kalamu ya risasi ya kawaida au maka ya kudumu, kalamu za wino wa maji hufutika kwa jasho kabla ya kilomita 5. Aandike anachotaka. Taarifa ikae naye, aondoke nayo. Mwambieni pia asiitupe ile namba kwenye pipa la Leaders akimaliza.

Kama bado mnataka swali kwenye fomu, lifanyeni la hiari na lielezeni: "Kuna jambo la kiafya ambalo ungependa kiongozi wa huduma ya kwanza alijue? Majibu yatasomwa na yeye pekee na yatafutwa mbio zikiisha." Mifano itajeni: pumu, kifafa, kisukari, moyo, selimundu, mzio wa dawa. Mtapata majibu machache. Kila mmoja mwandikieni kadi yake yenye namba ya kifuani bila jina, kadi zikae kwenye bahasha iliyofungwa kwa kiongozi wa hema. Mtu akipelekwa hospitali, kadi yake moja inakwenda naye. Zilizobaki zinachanwa jioni hiyohiyo.

VVU msiulize kwa namna yoyote. Glavu tunavaa kwa kila mgonjwa, jibu lake halibadilishi lolote kwenye hema, na usiri wa hali ya mtu unalindwa na Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008.

Jambo la mwisho ni redio za upepo. Wasimamizi wa njia wakisema "fulani wa klabu fulani ameanguka, ana kifafa", kila aliye karibu na redio amesikia. Wekeni utaratibu: namba, mahali, na rangi ya kuonyesha uzito wa hali. "214, kilomita 7, nyekundu." Inatosha kabisa kuiita gari ya wagonjwa. Na ndugu akiuliza kwenye grupu mgonjwa yuko hospitali gani, asijibiwe kwenye grupu. Kiongozi ampigie yule aliyeandikwa kuwa mtu wa dharura.

---

Jirani_Msasani

Samahani, kwa hiyo hata matokeo yenye majina ni kosa? Nimesoma mahali kwamba sheria mpya inakataza kutaja jina la mtu bila ruhusa ya maandishi.

---

Wakili_Magomeni

Hapana Jirani, haiko hivyo. Niliweke sawa, halafu nimjibu Katibu kuhusu mdhamini.

Tunayozungumzia ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Haikatazi matokeo. Inataka mtu aambiwe wakati wa kukusanya taarifa: nani anakusanya, kwa lengo gani, na zitamfikia nani. Kinachokusanywa kiendane na lengo hilo, na kisitumike kwa lengo jingine asiloambiwa. Kwa hiyo juu ya fomu andikeni sentensi mbili au tatu za Kiswahili cha kawaida: "Jina, kundi la umri na muda wako vitatangazwa kwenye matokeo. Simu yako itatumiwa na waandaaji tu kwa ajili ya mbio hizi, na itafutwa siku 30 baada ya mbio." Mwekeeni nafasi asiyetaka jina lake litokee: atangazwe kwa namba, au kwa jina la kifupi. Sababu za mtu kutokuonekana mtandaoni ni nyingi na hatakiwi kuzieleza. Mshindi wa zawadi ya fedha ni sawa kumwambia mapema kwamba akipanda jukwaani atatajwa.

Kwenye matokeo yenyewe, aliyeshindwa kumaliza aandikwe "hakumaliza", basi. "Aliugua" na "alitapika kilomita ya 15" ni taarifa za afya.

Hapo ndipo uzito ulipo. Sheria ina kundi la taarifa nyeti, na ndani yake zimo taarifa za watoto, za miamala ya fedha, za kibayometriki na za afya. Kwa hiyo ile orodha ya mwaka jana, pamoja na skrinishoti za miamala alizozitaja Mratibu kama mlizipokea, ilikuwa imebeba aina kadhaa za taarifa nyeti kwa pamoja. Kutoa taarifa za mtu kinyume cha sheria kuna adhabu: kwa mtu binafsi faini ya kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa taasisi ni kuanzia milioni 1 hadi bilioni 5. Na anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi anatakiwa awe amesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Klabu isidhani imeachwa nje kwa sababu ni ya ridhaa. Lishughulikieni hilo kabla ya kufungua usajili wa wakimbiaji.

Mdhamini. Sheria inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara. Mkisaini kifungu kile kama kilivyo, mnaahidi kitu ambacho si chenu kukitoa. Kwenye rasimu, kifuteni na mumwekee mambo matatu mbadala. Kwanza takwimu za jumla: wangapi walikimbia, umbali gani, jinsia, makundi ya umri. Angalieni makundi madogo, mkiandika "wanawake wa miaka 60 na zaidi: 1", mmeshamtaja mtu. Kundi likiwa chini ya watu watano, liunganisheni na la jirani yake. Pili, apewe banda uwanjani, asajili mwenyewe wanaomjia kwa hiari yao. Tatu, kwenye fomu kuwe na kisanduku cha peke yake: "Nakubali kupokea ujumbe wa mdhamini." Kiwe tupu, mtu akitiki mwenyewe. Kisifungwe na masharti ya kushiriki. Ujumbe utumwe na klabu, simu za watu zisitoke mikononi mwenu. Wadhamini wengi huwa wanakubali wakielezwa kwamba na wao wakipokea orodha ile wanabeba dhamana yake.

Kampuni ya kutunza muda ni suala tofauti, huyo ni mchakataji, yaani anazishughulikia taarifa kwa niaba yenu, na mnahitaji mkataba naye. Kurasa mbili zinatosha: atatumia faili kwa mbio hizi tu, hatampa mwingine, atafuta nakala zake ndani ya siku 30 na kuwathibitishia kwa maandishi, na ikitokea hitilafu awaarifu ndani ya saa 24.

---

Mratibu_Mbio

Nikazie hapo kwa Wakili. Watu huogopa chipu ya kupimia muda, wanadhani imebeba majina yao. Zile za kubandika nyuma ya namba hubeba namba ya utambulisho tu. Uhusiano wa namba na jina uko kwenye jedwali la kompyuta ya watunza muda, ndiyo maana mkataba unahusu faili lile zaidi kuliko chipu. Muulizeni pia ukurasa wake wa matokeo unaonyesha nini kwa chaguo-msingi. Baadhi hutoa umri kamili bila mtu kuomba.

---

Mwl_Michezo

Kwa watoto wa kilomita 2, naomba utaratibu wao uwe peke yake kabisa. Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na idhini anatoa mzazi au mlezi.

Namba ya kifuani ya mtoto isiwe na jina mbele. Mtu asiyemjua akimwita kwa jina, mtoto humwamini, anadhani ni mtu wa nyumbani. Nyuma kuwe na simu ya mlezi tu. Tumieni bangili za karatasi zenye namba pacha: moja kwa mtoto, nyingine kwa mlezi. Baada ya mbio mtoto haondoki eneo lililozungushiwa kamba mpaka namba zifanane, hata kama anayekuja kumchukua anasema ni mjomba. Mtoto akipotea, mtangazaji aseme "mlezi wa bangili namba 37, fika meza ya watoto". Asitaje jina, nguo wala shule.

Matokeo yao msiyaweke mtandaoni kwa majina. Wapeni medali na makofi palepale. Picha zao zinazotumwa kwenye kurasa za klabu zisiunganishe sura, jina na shule, maana vitatu hivyo kwa pamoja vinamwambia mtu asiyejulikana mtoto huyo ni nani na anapatikana wapi saa 8 mchana.

Mpiga picha wa mbio aambiwe jambo moja la kiufundi: picha ya simu huweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Ikitumwa WhatsApp kama picha, taarifa hiyo huondolewa, ikitumwa kama hati ili isipungue ubora, inabaki. Kwa picha za Leaders haina madhara makubwa, lakini za watoto wakijiandaa nyumbani asubuhi, zile wazazi wanazowatumia, zinaweza kuonyesha nyumba ilipo. Na kuwe na namba moja ya kuombea picha iondolewe, bila kuulizwa sababu.

---

Fundi_Mwenge

Kuhusu WhatsApp na uchapishaji.

Grupu la kawaida linaonyesha simu za wote kwa wote. Watu 600 kwenye grupu ni sawa na kuwagawia orodha ya simu 600, hata msipoweka faili lolote. Kwa matangazo fungueni chaneli, wafuasi hawaoni simu za wenzao. Orodha ya matangazo nayo inaficha, ila ina kikomo cha watu 256 kwa kila orodha na ujumbe unamfikia tu aliyeihifadhi namba yenu, kwa hiyo wengi watakosa. Ya kuhakiki majina msiweke orodha kabisa. Mtumieni kila mmoja uthibitisho wake: "Umesajiliwa, namba 214, km 10, fulana L. Kuna kosa? Jibu hapa."

Steshenari. Ninaloliona kila siku ni hili: mtu anatuma faili kwenye WhatsApp ya steshenari au barua pepe yao, wanachapa, anaondoka. Faili limebaki kwenye folda ya vilivyopakuliwa, pamoja na la jana na la juzi, na kila mteja anayeazimwa kompyuta ile analiona. Nendeni na flashi, fungulieni kutoka kwenye flashi, chapeni, msiache nakala kwenye kompyuta. Kama lilinakiliwa, futeni na mlitoe kwenye pipa la taka la kompyuta pia. Mkifungua WhatsApp ya wavuti pale, ondokeni kwenye akaunti, kisha hakikisheni kwenye simu, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Kurasa zilizochapwa vibaya zichukueni zote. Karatasi zenye upande mmoja mweupe hapa mjini hazitupwi, zinafungia karanga na maandazi. Bora mchape kwenye printa ya mwanachama.

Ikivuja tena licha ya yote hayo, fanyeni haraka kwa mpangilio huu. Kama ni linki ya Google, badilisheni ruhusa papo hapo, hiyo inakata hata kwa walioihifadhi linki. Kama ni faili kwenye grupu, "futa kwa wote" inawezekana kwa takribani siku mbili na nusu tangu lilipotumwa, ila nakala zilizopakuliwa hazifutiki, msijidanganye. Andikeni kilichovuja, saa ngapi, kwa kina nani. Waambieni wahusika siku hiyohiyo kwa meseji ya wazi: "Jina na simu yako vimeonekana kwenye grupu. Hatutakupigia kuomba PIN wala ada ya zawadi." Meseji ya kitapeli ikija, namba yake itumwe kwenda 15040. Aliyevuja NIDA yake apige *106# aangalie laini zilizosajiliwa kwa jina lake. Wakili atasema zaidi kuhusu Tume.

---

Wakili_Magomeni

Tume iarifiwe bila kuchelewa. Msisubiri mpaka mjue mkosaji ni nani. Yale maelezo aliyosema Fundi muyaandike ndiyo hayohayo mtakayowapelekea.

---

Katibu_Jogging_Kino

Asanteni sana wakuu. Nimefuta maswali tisa kwenye fomu, yamebaki saba na kisanduku cha mdhamini. Swali moja limebaki: faili la malipo tunalihitaji kwa mahesabu ya klabu, hatuwezi kulifuta siku ya 30. Na orodha ya mwaka jana bado iko kwenye simu za viongozi.

---

Mratibu_Mbio

La malipo libakie na mweka hazina: tarehe, kiasi, namba ya kumbukumbu, jina. Likae mbali na mengine, bila simu wala kundi la umri, kwa muda ambao kumbukumbu za hesabu zinatakiwa kutunzwa.

Ya mwaka jana ifuteni leo. Kila kiongozi aitafute kwenye WhatsApp kwa jina la faili, aifute pamoja na midia yake, halafu kwenye folda ya nyaraka za simu, kwenye barua pepe alizojitumia, na kwenye hifadhi ya Google pamoja na takataka zake, kwa sababu huko hukaa siku 30 nyingine. Nakala za karatasi lowekeni kwenye ndoo ya maji usiku mmoja, asubuhi zikandeni mpaka ziwe uji. Kuchana mara mbili hakutoshi, simu na jina vinabaki kwenye kipande kimoja.